Alifia Wapi? Msamiati wa Kifo cha Yesu katika Kiswahili na Msikilizaji wa Rutshuru

1.0 Utangulizi

Swali la mahali alipofia Yesu, na namna alivyokufa, aghalabu huachiwa wanatheolojia na wanaakiolojia. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ni la mhakiki wa lugha pia. Kabla msikilizaji hajaulizwa anaamini nini, tayari amekwisha kupewa maneno, na maneno hayo yamekwisha kumwonyesha mahali, mti, mikono na pumzi ya mwisho. Akipewa maneno mengine, ataona jambo jingine.

Msikilizaji tunayemkusudia ni yule wa Rutshuru, katika jimbo la Kivu Kaskazini, yapata kilomita 70 kaskazini ya Goma. Wilaya hiyo, au teritware kama isemwavyo huko, ina machifu mawili ya jadi, Bwisha na Bwito. Wengi wa wakazi wa Bwisha huzungumza lugha iliyo sawa au karibu sana na Kinyarwanda, ilhali katika Bwito husikika pia Kihunde na Kinande. Kiswahili ndicho kiungo chao sokoni, barabarani na kwa sehemu kubwa kanisani. Lakini Kiswahili cha mazungumzo huko, ambacho husema kwamba Yesu alikufaka ku musalaba, si Kiswahili cha Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 wala cha Biblia Habari Njema iliyokamilika katika miaka ya 1990. Kwa hiyo msikilizaji huyu anafaa kutumiwa kama kipimo. Yeye husikia Kiswahili sanifu kwa sikio ambalo halijazoea kupita juu ya maneno bila kuyauliza.

Tumejifunga kwa tafsiri hizo mbili za Kiswahili sanifu, pamoja na tafsiri za Kurani zitakazotajwa katika sehemu ya 6.0. Matoleo yaliyoandaliwa kwa ajili ya Kongo yanastahili makala yao wenyewe.

2.0 Mahali: jina au maelezo?

Injili zote nne zinapataja mahali pa kifo kwa neno lenye maana ya fuvu. Mathayo, Marko na Yohana wanalitaja kwa umbo la Kiaramu, Golgotha, kisha wanalifasiri kwa Kiyunani. Luka anaacha umbo la Kiaramu na kubaki na neno la Kiyunani peke yake. Kutokana na tafsiri ya Kilatini, iliyotumia neno la fuvu katika lugha hiyo, ndipo lilipotoka jina Kalvari ambalo Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki na ya Kati wanalijua kutokana na ibada ya Njia ya Msalaba. Basi Golgotha na Kalvari si mahali pawili. Ni fuvu lile lile katika lugha mbili.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano walichagua Fuvu la Kichwa. Uchaguzi huu una sababu. Fuvu peke yake laweza kumaanisha pia ganda tupu, na kuongeza kichwa kunaondoa utata. Hata hivyo, uwazi huo umenunuliwa kwa bei. Fuvu la Kichwa ni kirai kinachoeleza kitu. Si jina la mahali. Hakuna mtu awezaye kuulizwa njiani anakwenda wapi akajibu kwa kirai hicho bila kuchekwa. Kiswahili kina njia zake za kufanya nomino kuwa mahali, na iliyo dhahiri zaidi ni kiambishi -ni: Magogoni na Mikocheni mjini Dar es Salaam, Forodhani kule Unguja. Kwa njia hiyo tungeweza kupata Mafuvuni.

Katika Rutshuru kwenyewe mfano uko karibu. Mji ulio jirani na Rutshuru-Centre unaitwa Kiwanja. Neno hilo lina maana iliyo wazi kwa kila asemaye Kiswahili, lakini mkazi wake halifikirii ardhi tupu kila anapolitamka. Jina limekwisha kumeza maana. Hivyo ndivyo ambavyo Golgotha lilivyokuwa kwa wenyeji wa Yerusalemu: jina la mahali pa kupita, ambalo maana yake ilikumbukwa tu pale mgeni alipouliza.

Biblia ya Kinyarwanda ililitatua tatizo hili kwa namna ya kuvutia. Kutokana na igihanga, yaani fuvu, ilipata Nyabihanga, umbo lile lile la majina ya mahali yanayoanza kwa Nya- ambayo yamejaa pande zote mbili za mpaka. Msikilizaji wa Bwisha ajuaye Nyamilima na Nyanzale husikia katika Nyabihanga mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu. Kwa upande huu Kinyarwanda kimekishinda Kiswahili.

Lakini ushindi huo nao una gharama. Nyabihanga limejengwa juu ya wingi, bihanga, mafuvu. Kiyunani kina umoja. Tofauti hiyo si ndogo, maana tangu zamani pamekuwa na maelezo yanayopingana juu ya asili ya jina. Mapokeo yaliyoandikwa na Origen katika karne ya 3 yanasema Adamu alizikwa hapo. Kwa hiyo fuvu ni moja. Jerome, baada yake, alieleza kwamba ni mahali pa kukatia vichwa wahalifu. Kwa hiyo mafuvu ni mengi. Wengine wakasema ni umbo la mwamba; hapo fuvu linarudi kuwa moja. Kinyarwanda, kwa kiambishi cha ngeli tu, kimekwisha kuchagua upande, na Mafuvuni yetu ingechagua upande huo huo. Sarufi imetoa hukumu ya jiografia bila ya mtu yeyote kuketi kuhukumu.

3.0 Mlima usioandikwa

Kwamba jina laweza kuzaa mahali kunathibitishwa na kisa cha Charles Gordon, yule yule aliyekuwa gavana wa Ikweta, kusini mwa Sudani, kuanzia mwaka 1874, na ambaye aliuawa Khartoum mwaka 1885. Mwaka 1883 alikuwa Palestina. Alipoutazama mwamba ulio kaskazini ya lango la Damascus mjini Yerusalemu, wenye mashimo mawili kama ya macho, alisadiki kwamba hapo ndipo. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo, lakini umashuhuri wake ulilipa wazo hilo nguvu, na hadi leo mahujaji wengi wa Kiprotestanti hulizuru Kaburi la Bustani lililo karibu na hapo. Gordon alilisoma jina kama maelezo. Alitafuta fuvu, akaliona.

Mapokeo ya zamani zaidi yanaelekea Kanisa la Kaburi Takatifu, lililowekwa wakfu mwaka 335 katika enzi ya Konstantino. Pingamizi iliyojulikana sana ni kwamba kanisa hilo limo ndani ya mji wa kale, ilhali Yohana anasema mahali palikuwa karibu na mji na Waraka kwa Waebrania unataja nje ya lango. Pingamizi hiyo imepungua nguvu. Ukuta uliopaingiza mahali hapo ndani ya mji ulianza kujengwa na Herode Agripa katika miaka ya 41 hadi 44, yaani baada ya kifo cha Yesu, na uchimbuzi wa Kathleen Kenyon katika miaka ya 1960, uliofanywa jirani na kanisa, ulionyesha kwamba eneo hilo lilikuwa machimbo ya mawe nje ya ukuta wa wakati ule. Wataalamu wengi leo huelekea upande huu.

Jambo linalomhusu mhakiki wa Kiswahili ni hili: hakuna Injili hata moja inayotaja mlima. Hata hivyo, mahubiri na nyimbo za Kiswahili zimejaa mlima wa Kalvari. Mwamba unaoonyeshwa ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu una kimo cha mita chache tu. Mtu huufikia kwa ngazi. Sasa chukua neno mlima ulipeleke Rutshuru. Huko mlima ni Mikeno, wenye mita 4,437, au Nyiragongo, wenye mita 3,470, uliomwaga moto wake mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Anayeambiwa kwamba Yesu aliupanda mlima akiubeba mti, huona safari ya siku nzima kuelekea mawinguni, mbali na watu. Kumbe Yohana asema kwamba Wayahudi wengi waliisoma anwani iliyoandikwa juu ya msalaba, kwa sababu mahali palikuwa karibu na mji. Kifo kile kilikuwa cha kando ya barabara, mbele ya macho ya watu. Neno mlima limekitoa barabarani na kukificha.

4.0 Namna: kusulubisha, kuwamba na mti

Msalaba na kusulubisha, au kusulibisha kama ilivyo katika Biblia ya Muungano, yote yametokana na Kiarabu. Kutoka Kiswahili neno msalaba likasafiri kwenda bara: Kinyarwanda wana umusaraba, Waganda wana omusaalaba. Kitenzi, hata hivyo, hakikusafiri pamoja na nomino. Waganda husema kukomerera, yaani kupigilia kwa misumari. Kinyarwanda hutumia kubamba, kitenzi cha kuitandaza ngozi mbichi na kuikaza kwa mambo.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba kitenzi hiki ni kigeni kwake. Kubamba ni ndugu wa kuwamba, tukitumiacho kwa kuwamba ngoma na kuwamba kitanda. Hivyo msikilizaji wa Bwisha, anaposikia kusulubisha, hupokea sauti isiyo na picha, lakini lugha ya nyumbani kwake inamkumbusha ngozi iliyovutwa pande zote. Picha hiyo ina ukweli fulani, kwani adhabu ile ya Kirumi ilihusu kunyoshwa kwa mwili. Hatupendekezi kuwamba kichukue nafasi ya kusulubisha. Tunasema tu kwamba mhubiri aelezaye kwa Kiswahili anacho kitenzi cha Kibantu cha kuelezea, na hana haja ya kukopa.

Umbo la mti wenyewe nalo limekuwa ugomvi wa maneno. Neno la Kiyunani litafsiriwalo msalaba lilianza kwa maana ya nguzo, na waandishi wa Agano Jipya hutumia pia neno lenye maana ya mti. Biblia ya Muungano, katika Matendo ya Mitume, inatumia mti pasipo wasiwasi. Mashahidi wa Yehova wamekwenda mbali zaidi: katika tafsiri yao ya Kiswahili msalaba umeondolewa kabisa, na mahali pake umewekwa mti wa mateso. Hoja yao ya etimolojia ina msingi, lakini etimolojia si matumizi. Kufikia karne ya 1 Warumi walikuwa wakiwabebesha wahukumiwa boriti ya kupingiza, na ndilo jambo linaloeleweka vizuri zaidi tunaposoma kwamba Yesu aliubeba mwenyewe. Neno lisihukumiwe kwa mahali lilikozaliwa bali kwa mahali linakoishi.

Katika jambo moja Kiswahili kinaipita hata lugha ya Kifaransa itumikayo shuleni Rutshuru. Wazungu wamebishana kwa miaka mingi kama misumari ilipita viganjani au vifundoni. Pierre Barbet, mpasuaji wa Kifaransa, alijulikana katika miaka ya 1930 kwa majaribio yake kuhusu suala hili. Ubishi huo umechochewa na lugha zao kutenganisha kiganja na mkono. Kiyunani hakitenganishi kwa ukali huo, na Kiswahili vilevile: mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni. Mfasiri aliyeandika mikono hakukosea wala hakuchagua. Ushahidi wa mifupa nao ni haba. Ule unaojulikana zaidi ni mfupa wa kisigino wenye msumari wa chuma, uliopatikana Giv'at ha-Mivtar, Yerusalemu, mwaka 1968. Nao unazungumzia mguu, si mkono.

5.0 Pumzi ya mwisho

Ni jambo la kushangaza kwamba, katika mstari ule wa kifo chenyewe, hakuna Injili inayotumia kitenzi cha kawaida cha kufa. Kiyunani cha Marko na Luka kinasema alitoa pumzi. Cha Mathayo, aliiachilia roho. Cha Yohana, aliikabidhi. Wafasiri wa Biblia ya Muungano waliiona tofauti hii na kuitunza kwa uangalifu unaostahili sifa. Kwa Marko na Luka walitumia kukata roho, kwa Mathayo kuitoa roho, na kwa Yohana kuisalimu roho.

Hatua hizo tatu si mapambo. Anayekata roho anakufa kama kila mtu afavyo. Ndiyo nahau ya kitandani na ya njiani. Anayeitoa roho anafanya tendo. Anayeisalimu anaikabidhi kwa mwingine, kama mtu asalimishaye amana. Yesu wa Marko anakufa kifo cha wanadamu. Yesu wa Yohana anakitawala kifo chake hadi mwisho. Theolojia nzima imebebwa na vitenzi vitatu.

Habari Njema, kwa nia njema ya kurahisisha, imetumia kukata roho kwa Injili zote tatu za kwanza na kumwachia Yohana kutoa roho. Lugha imekuwa nyepesi, lakini Mathayo amepoteza sauti yake, na Yohana amepewa kitenzi kilichokuwa cha Mathayo. Hapa tunatofautiana na wale waaminio kwamba msikilizaji wa bara lazima apewe kilicho rahisi. Msikilizaji wa Rutshuru hakosi uwezo wa kutambua tofauti kati ya kukata na kusalimu. Anachokosa ni mtu wa kumsomea pole pole.

6.0 Kusulubu katika tafsiri za Kurani

Kitenzi hiki kinagombewa pia nje ya kanisa. Aya ya 157 ya sura ya nne ya Kurani, inayokanusha kwamba Isa aliuawa na kusulubiwa, imetafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa imani zinazotofautiana: Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana, mwaka 1923, Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya, mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka Nairobi mwaka 1969, ikiwa na maelezo ya kuwajibu Waahmadiyya.

Kwa Waislamu walio wengi, Isa hakutundikwa kabisa. Mwenyezi Mungu alimwinua. Kwa Waahmadiyya, wanaomfuata Mirza Ghulam Ahmad, alitundikwa lakini hakufa; alizimia, akapona, akasafiri hadi Kashmir, akafa mzee, na kaburi lake liko Roza Bal, mtaa wa Khanyar, mjini Srinagar. Kwa Wakristo alitundikwa na akafa. Imani hizi tatu zinatumia kitenzi kimoja, na ndiyo maana mijadala ya hadhara baina yao mara nyingi haifiki popote. Msunni asemapo hakusulubiwa, anakusudia kwamba hakupandishwa msalabani. Mwahmadiyya asemapo vivyo hivyo, anakusudia kwamba hakufishwa kwa msalaba. Juu ya hayo, Kiswahili cha kila siku kimeongeza maana ya tatu, kwani kumsulubu mtu ni kumtesa au kumchapa tu.

Dawa yake si ngumu. Mwandishi na atenganishe kutundikwa msalabani, ambalo ni tendo, na kufia msalabani, ambalo ni tokeo. Hoja hazitakwisha kwa hilo, lakini wabishi angalau watajua wanabishania nini.

7.0 Kufia na kufiwa

Tumefika kwenye kitenzi kilicho katika anwani ya makala haya. Kauli ya kutendea ya kufa ina kazi tatu. Yaonyesha mahali: alifia Golgotha. Yaonyesha anayenufaika: alilifia taifa lake. Tena yaonyesha anayeachwa na msiba: amefiwa, ametufia. Swali la mahali na swali la sababu, ambayo lugha nyingi huyauliza kwa maneno mawili tofauti, Kiswahili huyauliza kwa kiambishi kimoja.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano walikwepa kusema kwamba Kristo alitufia. Walichagua kusema alikufa kwa ajili yetu. Kisarufi walifanya busara, maana alitufia husikika kwanza kama kilio cha mfiwa kabla ya kuwa ungamo la muumini. Lakini katika Rutshuru maana hizo mbili haziko mbalimbali kama zilivyo mezani pa mfasiri. Mwezi wa Novemba mwaka 2008, pale Kiwanja, raia wapatao 150 waliuawa katika muda wa siku mbili, kwa mujibu wa taarifa za watetezi wa haki za binadamu. Msikilizaji wa huko anapouliza mtu fulani alifia wapi, haulizi kwa udadisi wa kiakiolojia. Anauliza ili ajue pa kwenda kuzika, na wengine wamelikosa jibu hadi leo.

Kwa msikilizaji kama huyo, Injili zina jambo ambalo lugha ya mlima na ya mapambo hulifunika. Zinajali kusema mahali ni wapi, nani walisimama kwa mbali wakitazama, nani aliuomba mwili, na wanawake gani waliona ulikolazwa. Hiyo ni taarifa ya wafiwa. Imeandikwa kwa wale wajuao kwamba marehemu asiye na mahali humsumbua aliye hai.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakipokei tu habari ya kifo cha Yesu, kinaiamulia mambo. Kirai badala ya jina, wingi badala ya umoja, mlima usiokuwamo, vitenzi viwili badala ya vitatu: kila kimoja humwelekeza msikilizaji mahali pengine. Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, tafsiri zijazo zirudishe tofauti za vitenzi vya kifo zilizotunzwa mwaka 1952. Pili, Golgotha libaki jina na fuvu libaki maelezo yake, kama wainjili walivyofanya, na mlima uachiwe nyimbo. Tatu, wahubiri na wahadhiri, Wakristo kwa Waislamu, watenganishe kutundikwa na kufia.

Kuhusu alitufia, hatupendekezi liingizwe katika Maandiko. Wafasiri walikuwa na haki ya kuliogopa. Lakini mhakiki asilifute katika vinywa vya watu, maana mfiwa wa Rutshuru akilitamka Ijumaa Kuu, amekwisha kujibu kwa neno moja alipofia, aliowafia, na waliofiwa.